Likizo ya Dereva wa Treni

Isihaka aliporudi likizo kutoka Dar es Salaam, ambako aliendesha treni ya abiria ya mjini, mkewe Ikram alihisi kuna jambo. Mume hakutaka maongezi. Kila Jumatano aliondoka nyumbani kwao Manundu, mjini Korogwe, akisema anakwenda kuangalia mahindi Magoma, na jioni alirudi viatu safi, hajui hata kama mvua imenyesha huko.

Ndipo jirani yao, Rosina, muuza vitenge minadani, akamwambia Ikram kwa kupima maneno: "Shoga, sitaki ugomvi. Nimemwona shemeji Handeni, anaingia kwa mwanamke wa Kimasai. Na si mara ya kwanza."

Jumatano iliyofuata Ikram alipanda basi la nyuma ya lile la mumewe. Njia nzima alipanga matusi. Alipofika Handeni akauliza kama Rosina alivyomwelekeza, akaonyeshwa nyumba, akausukuma mlango wa ua bila hodi.

Isihaka alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi. Mbele yake mama mtu mzima wa Kimasai, Naitoi, alikuwa akichemsha mizizi ya dawa.

"Hili ndilo shamba la Magoma?" Ikram aliuliza.

Isihaka aliinamisha kichwa. "Mama Faraji, naumwa."

"Ugonjwa gani huo usiotibika Korogwe?"

Ikabidi aseme. Mara mbili fahamu zilimpotea akiendesha. Mara ya pili alizinduka treni imeshajifunga breki yenyewe, maana mguu wake ulikuwa umelegea kwenye kanyagio la usalama, ambalo dereva hulikanyaga muda wote. Wakubwa aliwaambia mguu uliteleza. Kanuni zinataka dereva aliyezimia asimamishwe mpaka apimwe, naye alitaka apone kimyakimya, arudi kazini.

Naitoi aliacha kukoroga. "Uliniambia wewe mkulima, usiku hulali. Hii ninayokupa ni dawa ya usingizi!"

Wivu wote ulimtoka Ikram. "Faraji anapanda treni hiyo kwenda chuo. Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Mpigie mkubwa wako."

"Tukifika nyumbani."

"Hapa hapa. Na uweke sauti ya nje."

Alipiga, akaeleza yote. Msimamizi wake akamwamuru asiguse treni tena, aende hospitali, na akirudi aeleze ukweli kwa maandishi. Simu ilipokatika Isihaka alilia. Ikram hakumbembeleza. Alimwomba radhi Naitoi kwa kuvamia ua wake, wakatoka.

Daktari alisema ni kifafa. Isihaka hakuendesha tena. Kazini walimpa meza ya kupokea malalamiko ya abiria, kazi aliyoichukia. Ikram alihamia Dar es Salaam kuwa naye, akawa anaingia mpaka chumba cha daktari, na mgonjwa akiulizwa hali, anayejibu ni Ikram. Nyumbani, mume akisema ameshameza dawa, humwambia afungue mdomo, ainue na ulimi.