Mashina Yenye Madoa

Mama mkwe wangu Argyro alikuwa na sheria moja ambayo hata padri hakuthubutu kuicheka: majani ya porini anachuma yeye, anachambua yeye, anapika yeye. Mimi niliolewa katika nyumba ile ningali na kiuno, nikazaa, nikanenepa, nikaota mvi, na bado kazi yangu kwenye majani ilikuwa kumwaga taka. Huku kwetu milimani, Krete, ndivyo ilivyo. Kuyakagua majani ya mama mkwe ni sawa na kumwambia mbele za watu kwamba amekwisha.

Nilinung'unika, sitadanganya. Tulikuwa tunarushiana maneno jikoni mpaka paka anahama. Lakini mkono wake ulikuwa mkono kweli, na miaka ya karibuni ulikuwa umempa jina. Daktari Kleanthis wa chuo kikuu alikuwa akipanda kwetu kila majira ya maua yanapoingia, kupima akili za wazee na kuuliza wanakula nini. Alitueleza kwamba ndani ya haya majani machungu, na ndani ya mafuta ya zeituni ya mwanzo yale yanayowasha koo, kuna vitu ambavyo huenda vinausaidia ubongo usizeeke vibaya. Yeye alisema "huenda". Kijiji kilisikia "hakika". Mume wangu Manousos alikuwa akitamba mkahawani kwamba kwao hajazaliwa wa kupotewa na akili, na kwamba wanaosahau ni watu wa mjini wanaokula vya makopo.

Siku ile daktari alifika asubuhi. Argyro alikuwa amekwisha kurudi mlimani, aproni imejaa, majani ameyachambua, unga ameukanda. Daktari akamketisha mezani, akampa maneno ya kushika kichwani, kisha akamwomba achore saa.

"Saa ya nini, mwanangu? Hiyo ya mkononi mwako imekufa?"

"Inatembea, Mama Argyro. Nataka kuona ya kwako."

"Yangu inasema wageni wana njaa." Lakini akachora, tena vizuri, na mishale yake. Alipoulizwa yale maneno aliyataja yote bila kukwama. "Mwaka jana ulinipa punda, kanisa na sabuni," akaongeza. "Badilisha kidogo, daktari. Wazee huwa tunapeana habari."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Manousos alinikonyeza, kana kwamba yeye ndiye aliyejibu. Mimi nami nilijisikia fahari, ingawa nisingemwambia yule bibi hata kwa kuchapwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Argyro akawasha jiko na kuanza kukaanga zile chapati zetu nyembamba zilizojazwa shamari mwitu na majani mengine ya kunukia. Harufu ya mafuta ikajaa nyumba. Akanisukumia beseni la taka kwa mguu.

"Wewe Rodanthi, mbona umesimama kama mkwe wa jana? Kawape kuku."

Nikalibeba beseni hadi uani. Nilikuwa nimeshainama kumwaga nilipoona shina moja nene, laini, lenye madoa ya zambarau. Nikalishika. Likatoa harufu ya mkojo wa panya. Lile lilikuwa konio, jani ambalo huku kwetu mtoto hufundishwa kuliogopa kabla hajafundishwa kusali. Linafanana na majani ya kunukia linapokuwa changa, na linaua. Miguu inakufa ganzi kwanza, kisha kifua kinasahau kupumua.

Nikajiambia ni moja tu, limejipenyeza. Nikapekua beseni kwa mikono miwili. Yalikuwa mengi. Mashina matupu, yamefungwa pamoja kwa uzi kama afanyavyo yeye siku zote, na majani yake yamekwanyuliwa moja moja kwa ustadi. Nilichelewa kidogo kuelewa, na bado najilaumu kwa hilo. Majani hayakuwa kwenye beseni. Majani yalikuwa ndani ya chapati.

Nilikimbia. Sijui nilipandaje zile ngazi kwa mwili huu. Manousos, ambaye tangu utoto hujiibia ya kwanza kutoka kwenye sahani, alikuwa ameshika kipande na anakipuliza kipoe. Nikampiga mkono kikaruka mpaka dirishani. Nikamnyang'anya daktari uma. Nikachukua sahani nzima nikaitupa ndani ya jiko la kuni, na kikaango nikakipindua juu yake. Moto ulipanda, moshi ukatufunika, mama mkwe akabaki na kijiko mkononi.

"Ameshikwa na nini huyu?" Argyro akamuuliza mwanawe. "Hebu mtoe nje apigwe na upepo."

"Rodanthi, una kichaa?" Manousos akanguruma. "Mbele ya mgeni?"

"Umemeza?" nikamwuliza. "Kuna aliyemeza? Semeni!"

Hakuna aliyemeza. Daktari alitikisa kichwa, amekuwa mweupe kama unga. Nikayatoa yale mashina niliyokuwa nimeyatia mfukoni, nikayaweka mezani.

Argyro akaja karibu. Akavaa miwani yake, akachukua shina moja, akaligeuza kwenye mwanga, akalinusa. Hakusita hata kidogo. Uso ukambadilika.

"Hili ni konio," akasema. "Nani ameingiza konio jikoni kwangu?"

Nilimtazama nikingoja acheke. Nilidhani anatania, maana mdomo wake haukosi utani. Macho yake yalikuwa makavu na yenye hasira ya kweli. Alilijua lile jani kuliko sisi sote, na hakujua hata kidogo kwamba lilitoka kwenye aproni yake mwenyewe, asubuhi ileile. Nimeshuhudia mazishi mengi, lakini sijawahi kushtuka vile. Ilikuwa kama kumwona mtu amesimama mlangoni na kivuli chake hakipo.

"Nimeuliza nani," akarudia. Akanigeukia mimi. "Ni wewe? Ulitaka kuniulia mwanangu?"

Daktari alikuwa na karatasi zake mezani, ile saa nzuri iko juu kabisa. Nilijua nikisema kweli, itaandikwa, na kabla ya jua kuzama itakuwa mkahawani, na hakuna jirani atakayegusa tena chakula cha Argyro. Na yeye mwenyewe angesikia. Hilo ndilo nililoshindwa kulistahimili, kumwona akisikia.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Nilitaka kukusaidia. Nilichanganya majani."

"Miaka yote hii," akasema polepole, "na hujui konio." Akaketi. "Mungu anisamehe, nimemwozesha mwanangu kwa mjinga. Kuanzia kesho hutagusa jani bila mimi kuwa ubavuni mwako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilimsindikiza daktari hadi garini. Alikuwa ameelewa, mtu anayepima akili za watu si rahisi kumficha.

"Mlete mjini tumwangalie kwa vipimo vingine," akasema. "Njoo naye wewe mwenyewe."

"Amekula hayo majani yako maisha yake yote," nikamwambia. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. "Mafuta anakunywa kwa kijiko. Sasa mlikuwa mnatuambia nini?"

"Nilisema huenda, Bi Rodanthi. Pengine yamemchelewesha. Pengine angefikia hapa miaka mingi iliyopita. Sijui. Sikuwahi kusema ni ukuta."

Nilitaka kumtukana, na sikupata tusi la kumfaa, kwa sababu hakuwa amekosea. Sisi ndio tuliojenga ukuta kwa neno lake moja.

Ndani, Manousos alikuwa akisugua kikaango ambacho hajawahi kukisugua tangu nimjue. Hakuniangalia. "Hukutoka nyumbani asubuhi," akasema. "Nilikuona umelala." Nikamjibu kwamba najua. Akaendelea kusugua, na mabega yake yakawa yanatikisika, nami nikamwacha, kwa kuwa nami nililia baadaye, nilipotoka tena kwa kuku.

Kesho yake Argyro alinigongea mlango mapema, kisu mkononi, amevaa aproni. Tukapanda mlima. Sijawahi kufundishwa na mtu kwa raha vile. Alikuwa akijua kila jiwe lina nini chini yake.

"Hili shamari. Nusa. Hili la uchungu, lichemshe, ulimwagie mafuta na ndimu, kichwa kinakuwa chepesi. Usikate mizizi, mwakani utakula nini?"

"Na lile pale, Mama?"

"Hilo ndilo lako," akasema, akachutama mbele yake. "Tazama shina, lina madoa kama limemwagikiwa divai. Linanuka panya. Ukilikuta karibu na shamari, liache pamoja na shamari yake, usithubutu. Hili linaua nyumba nzima. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Na huku anasema hivyo, kisu chake kikapita chini ya lile shina. Mkono wake ukalikung'uta udongo, ukalikunja vizuri, ukalitia ndani ya aproni. Kisha akainuka na kuendelea kupanda.

Mdomo wake ulikuwa umesema kweli yote, na mkono haukuwa na habari. Nikamfuata upesi, nikajifanya namkazia kamba ya aproni kiunoni, nikalichomoa lile konio na kulitia mfukoni mwangu.

"Unafanya nini huko nyuma?" akauliza.

"Najifunza, Mama."

"Umechelewa sana kuanza," akasema, akainamia jani jingine.