Shubiri za Mama Eugenia

Mama Eugenia hakuwa mtu wa maneno matamu. Dukani kwake Mabatini, ukishika kitambaa kwa mikono yenye mafuta ya dagaa, utafokewa mpaka majirani wachungulie. Lakini akishapima mita zako, mkasi wake haukukata kwenye alama. Alitandaza kiganja, akaongeza shubiri moja, akakata hapo huku amenuna. "Ya nyongeza hiyo. Fundi wako asije akanisema."

Asubuhi moja Kokulinda, fundi cherehani wa Kiseke aliyenunua kwake miaka kumi na mitano, aliingia na furushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo unataka kipi?"

"Leo sinunui, nimekuletea."

Lilikuwa blanketi la viraka. Mama Eugenia akavaa miwani, tayari kukosoa mshono. Akaona maua ya njano, akaona bluu ya sare za kwaya.

"Hivi viliisha zamani! Umevitoa wapi?"

"Ni nyongeza zako, mama. Nguo nilizishona kwa mita nilizolipia, shubiri nikazitunza. Kila nilipoishiwa mitindo, nilizitandaza kitandani nikazitazama, na mtindo ukaja. Nimekula kwa hizo, mama. Asante."

Mama Eugenia akatandaza kiganja juu ya kiraka cha kwanza, kikamwenea. Akahamia cha pili, kisha cha tatu.

Mteja mlangoni akauliza bei ya satini.

"Subiri!" akafoka, machozi yakimtoka. "Huoni napima?"