Kashtuka Tu Kidogo

Daktari wa pambano la ngumi alikuwa mgeni, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Basi kocha, mjanja yule, akamkaririsha mdogo wangu Kiingereza cha kumpoza daktari asisimamishe pambano. Ukipigwa ukaona nyota, sema "it gave me a start", kitu kimekushtua kidogo. Ukiyumba, "it made me jump", umeruka kama aliyeona panya. Ukianguka, "it caught me off guard", hukuwa umejiandaa. Mdogo wangu aliyakariri hata akiosha vyombo. Mimi nilicheka. Kazi yangu kwenye kona ilikuwa sifongo, barafu na mafuta ya kuziba michaniko.

Raundi ya tano jamaa akamvamia. Ngumi ya mbavu, ya taya, kisha ya sikio, kavu, mpaka damu ikanirukia usoni. Kinga ya meno ikaruka. Mdogo wangu akaenda chini, akainuka kwa kushika kamba, jicho moja limefumba, pua imekaa upande. Kengele ikamwokoa.

Daktari akapanda, akammulika, akamuuliza.

"It caught me off guard," alijibu, safi kabisa, na tabasamu juu. Daktari akaridhika, akashuka.

"Umeona?" kocha akaninong'oneza. "Mkanda ni wetu."

Nikamfuta damu. "Mdogo wangu, unanisikia?"

"It made me jump."

"Acha masihara. Ni mimi, dada."

"It gave me a start."

Kiingereza mimi sikijui, naye analijua hilo. Tangu azaliwe hajawahi kunisemesha ila lugha ya nyumbani. Nikamshika mashavu. "Mama anaitwa nani?"

"It made me jump."

Nikachukua taulo la kusalimu amri. Kocha akanidaka mkono. "Una wazimu? Imebaki raundi moja!" Nikamng'ata mpaka nikaonja damu yake, nikalirusha taulo likatua miguuni pa mwamuzi. Ukumbi ukalipuka kwa matusi, chupa zikaanza kuruka. Kocha akanizaba kibao. Nikamtwanga na ndoo ya barafu, wala sijuti.

Nyuma yangu mdogo wangu alikuwa ameshaporomoka kutoka kwenye kiti.

Ndani ya gari la wagonjwa nilimwuliza tena jina la mama. Nikamwita, nikalia, nikamtukana kocha na ukoo wake wote. Mwishowe jicho lake zima likafunguka, likatua kwenye shavu langu lililovimba.

"Dada," alisema, "nani kakupiga?"