Wateja Thelathini na Mmoja

Karakana ya baba na binti yake ilitengeneza miguu ya bandia. Baba ndiye aliyeianzisha. Binti ndiye aliyeingiza vipimo vya wateja kwenye kompyuta: urefu wa paja, mzunguko wa kigutu, mahali panapouma mtu akikanyaga.

Jumatatu moja asubuhi mafaili yote yakagoma kufunguka. Wadukuzi walikuwa wameyafunga, wakaacha ujumbe kwamba wanataka walipwe.

Fundi wa kompyuta, waliyemwita Polepole kwa sababu hakuwahi kukimbilia kitu, akakata mtandao na kushinda hapo siku mbili. Siku ya pili akamvuta binti pembeni, karibu na magunia ya plasta.

"Dada, walipoingilia nimepaona. Ijumaa, saa nne asubuhi, mtu alifungua barua pepe ya uongo kwenye kompyuta ya mzee."

 Mwaka mzima binti alikuwa akimwona baba akitafuta miwani aliyoivaa, akimwita yeye kwa jina la shangazi. Daktari alipoutaja ugonjwa, baba aliomba jambo moja tu: asiondolewe kazini mapema.

"Sema nilifungua mimi," binti akamwambia fundi.

"Atakufokea mbele ya watu."

"Na anifokee."

Akamfokea kweli. "Miaka thelathini sijapoteza kipimo cha mtu! Macho uliyaweka wapi?"

"Nisamehe, baba."

Kabatini kulikuwa na diski ya akiba. Polepole alisafisha mashine moja baada ya nyingine, ndipo akairudisha kazi yote. Yote, isipokuwa ya miezi minne ya mwisho. Kunakili mafaili kwenye diski hiyo kila Ijumaa ilikuwa kazi ya baba. Binti hakumuuliza. Alishika simu, akawaita wateja thelathini na mmoja waje wapimwe upya.

Wa kwanza alikuwa mwalimu aliyekatwa mguu chini ya goti. Baba akachuchumaa, akazungusha utepe kwa mikono isiyotetemeka hata kidogo.

"Thelathini na mbili."

Binti akaandika. Baba akazungusha tena palepale.

"Thelathini na mbili," akasema, kama ndiyo kwanza.

Mara ya tatu, mwalimu akamtazama binti. Binti akainamia karatasi, akaandika tena.

"Utuwie radhi, mwalimu," baba akasema. "Huyu binti yangu ndiye aliyewafungulia wezi. Kichwa anacho, uangalifu ndio hana."

"Ni kweli, mwalimu," binti akasema.

Wateja wote walipata miguu yao. Wa mwisho alipimwa na binti peke yake. Asubuhi hiyo shangazi alikuwa amemuuliza baba, aliyekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, kama leo haendi kazini.

"Kazi gani?" baba akauliza, kwa upole kabisa.