Bakuli la Maharage

Mume wangu Harlan alikaa kwenye kiti cha gari kisichokuwa na gari, katikati ya duka la bunduki pale mjini Abilene. Akafunga mkanda, akachomoa bastola tupu kiunoni, akamlenga kulungu aliyetundikwa kichwa ukutani.

"Ameshakufa huyo," nikamwambia. "Usimhangaishe."

Muuzaji akacheka, lakini kwa adabu tu. Kiti kile alikifunga hapo makusudi ili wateja wajaribu. "Mama, wezi wa magari hawapigi hodi," akaniambia.

Harlan alinioa akiwa na viatu vilivyombana miguuni, kwa sababu aliona aibu kuvijaribu dukani. Bastola alizijaribu zote. Ya kwanza ilimchoma kitambi kila alipoinama. Nyingine ilipotelea kiganjani kama kiberiti. Kisha akashika moja nyeusi, nene, akaifumbata mkononi na kutabasamu vile alivyotabasamu siku alipompakata binti yetu wa kwanza.

Simlaumu kwa woga. Mwenzake kazini alinyang'anywa gari kwenye kituo cha mafuta, akarudi nyumbani kwa miguu akiwa na soksi tu. Tangu siku ile Harlan alikuwa akifunga milango ya gari hata tukiwa uani kwetu.

Akainunua. Kazi ikawa ni wapi pa kuiweka garini. Kiunoni, mkanda wa gari uliifunika, na tumbo likaufunika mkanda. Kwenye droo ya gari? Akasema hadi aifungue, mimi nitakuwa nimeshavaa nguo za msiba. Mwishowe akanunua sumaku, akaibandika chini ya usukani, karibu na goti, mkono ukishuka tu umeipata. Jioni alikaa kwenye gari lililozimwa, ndani ya gereji yetu ya nyumbani, akichomoa na kuifokea mashine ya kukatia majani: "Rudi nyuma!"

"Imesalimu amri?" nikamwuliza kutoka mlango wa jikoni. "Chakula kinapoa."

Nilitania, maana ndivyo nilivyo. Lakini mezani tuliposhikana mikono kumshukuru Mungu, kiganja chake kilinuka mafuta ya bunduki. Mkate nilioukata baadaye ukanuka vilevile. Nikautafuna hivyohivyo.

Jumapili tulikula pamoja kanisani, kila familia na chungu chake. Nilibakiza nusu bakuli la maharage ya kuoka. Nikaliweka juu ya paa la gari nitafute miwani mkobani, mke wa mchungaji akaniita, tukaongea, nikaingia garini, tukaondoka.

Hatukufika mbali, pikapu moja ikaanza kutupigia honi na kutuwashia taa.

"Anatufuata," Harlan akasema.

"Unaendesha kama bibi harusi. Anakuhimiza."

Hakucheka. Taa nyekundu ikatusimamisha. Kwenye kioo nikamwona mtu akishuka, anakuja upande wa Harlan, mkono mmoja juu, anaonyesha kitu. Mzee, tai bado shingoni.

Harlan akashusha kioo na kuchomoa. "Rudi nyuma!" Sauti ileile ya gereji.

Mzee akasimama. Mikono yote miwili ikapanda.

"Bakuli," akasema. "Bakuli lenu, bwana. Liko juu ya gari."

"Bakuli gani?" Harlan akauliza, bastola palepale.

Nikashuka. Bakuli lilikuwa bado na joto, karatasi yake ya kufunikia ikipepea. Nikalishusha, nikazunguka nyuma ya gari hadi kwa yule mzee. Sikujua la kufanya, nikamnyooshea.

"Ni maharage. Chukua, kaka yangu. Tafadhali."

Hakulipokea. Hata hakunitazama. Alitazama dirisha la mume wangu, akingoja ruhusa, na doa la maji likashuka taratibu kwenye suruali yake ya kanisani.

"Harlan, mwambie ashushe mikono."

"Umeniona?" Harlan akasema. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la dukani. "Mkono haukutetemeka hata kidogo."

Nikamgeukia mzee. "Shusha tu, kaka. Yamekwisha."

Hakuniamini. Angeniamini vipi? Nilishuka kwenye gari lilelile.

Taa ikawaka kijani. Nyuma yetu honi zikaanza, moja, kisha nyingi.

"Ingia, Loretta, tunazuia watu."

Nikazunguka na bakuli langu, nikafungua mlango. Harlan alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mwanafunzi mzuri wa udereva. Bastola alikuwa ameilaza kwenye kiti changu.