Kanga ya Kufunikia Jiwe

Saa mbili asubuhi pale Mtendeni turubai lilikuwa limeshafungwa, spika zinaunguruma, pilau iko motoni, na jiwe la uzinduzi la wodi mpya ya wazazi bado limeviringishiwa magazeti. Pazia jekundu lililotumwa kutoka Dar lilikuwa limepitiliza na treni kwenda Kigoma. Lugembe, katibu wa kamati ya hospitali, alihangaika uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka Benedikta alipovua kanga mabegani akampa.

Ilikuwa ya marehemu mama yake, Sayi, mkunga aliyezalisha wanawake kwenye kiwanja hicho hicho kabla hakijaota hospitali. Upande mmoja wa doti Sayi alizikwa nao. Uliobaki ni huo. Benedikta aliutoa kwa moyo mweupe. Familia yao ndiyo iliyotoa kiwanja, bure, na Lugembe aliahidi mbele ya ndugu wote kwamba jina la Sayi litachongwa kwenye jiwe, chini ya jina la mfadhili. Kwa furaha Benedikta hakulala. Alikuwa ameshawatangazia watu wa Puge, wa Igalula, mpaka wauza vocha.

Lugembe aliifunga kanga mwenyewe, haraka haraka, kisha akayachomoa magazeti kwa chini.

Fikiri, mshereheshaji, akamwita mfadhili, Hamoudi Salmini, mfanyabiashara wa mjini. Hamoudi akavuta kanga, ikaja. Nyuma yake ukaja upande wa pili, ule wa kaburini, una udongo kwenye pindo. Benedikta akaukung'uta, akajifunga kiunoni. Hamoudi akavuta tena, ikaja doti nyingine.

Zamani, mwanamke aliyejifungua salama kwa Sayi alirudi baada ya arobaini na kanga ya shukrani. Hakuna aliyewahi kuuliza zilikuwa zinawekwa wapi. Sasa zilitoka, za njano, za bluu, za maua ya korosho, na vigelegele vikatoka nazo. Wanawake walizitambua zao kutoka mbali. Jenifa wa Puge aliipata yake, akamfunga nayo mwanawe, trafiki, juu ya sare, naye akasimama wima akapiga saluti. Fikiri akatangaza kwamba wenye kanga za waridi wapite kushoto, tafadhali, wasisukumane.

Mama yake Sayi na bibi yake nao walikuwa wakunga, kwa hiyo zikafuata kaniki na merikani za wake wa wapagazi waliopita na misafara. Hazikuwa na mwenyewe. Wazee wakazikunja, wakazipa viti vya meza kuu, na waheshimiwa wakasimama. Ngoma ilikuwa imekolea. Hata wapishi waliacha pilau ishike chini.

Ya mwisho ilikuwa ya Bi Ghadir, mama yake Hamoudi, aliyeshikwa na uchungu siku barabara zote zimejaa maji, akajifungulia kwa Sayi. Hamoudi aliinusa, akalia mbele za watu bila kujificha.

Ndipo jiwe likaonekana. WODI YA WAZAZI YA HAMOUDI SALMINI. Chini yake, tarehe. Chini ya tarehe, ukuta.

Benedikta alilisoma lote, akainama kutazama na chini ya ukingo. Moyo ukamshuka, kisha hasira ikampanda. Akamuuliza Lugembe, na Lugembe akasema jiwe lilikuwa dogo. Hamoudi akaja na kanga yake begani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Jina la mama limo mioyoni mwetu."

"Basi, mdogo wangu, na lako tungeliweka huko huko."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Hamoudi. Alisema dada amesema kweli tupu, akaomba apigiwe makofi. Benedikta akapigiwa makofi, ya nguvu, mpaka mikono ya watu ikawauma. Kisha likaja suala la picha. Wote wenye kanga wakajipanga mbele ya jiwe, wakishangilia, Benedikta katikati kwa sababu Hamoudi hakukubali asimame pembeni. Mpiga picha akaangalia kwenye kamera, akainua kichwa.

"Mama, samahani, sogea kidogo," alisema. "Unaziba jina."

Akasogea.