Maharage ya Maji ya Bwawa

Watu hawajamaliza kutoka misa, Marcellin, monitere wa kilimo, yaani bwana shamba, wa Bihambwe, akapanda juu ya jiwe lililo mbele ya kanisa na kutangaza kwamba samaki wa bwawa wanakufa kwa sababu Dorothée anawatilia sumu. Sumu! Na Dorothée mwenyewe alikuwa pale pale, rozari bado mkononi. Damu ilimchemka mpaka masikioni.

Hebu fikiri. Bwawa lile alilichimba yeye na marehemu mumewe, kwa jembe, misimu miwili ya mvua. Tilapia wa kwanza waliwabeba kwa ndoo kutoka Kibua, siku kadhaa kwa miguu, wakiwabadilishia maji kidogo kidogo kwenye kila kijito. Tangu Dipanda, uhuru wetu, ilipokuja na Wazungu wa kilimo wakafunga masanduku yao, mabwawa mengine yote ya kilima yalikauka. Lake tu ndilo lililobaki na samaki wa mbegu. Na sasa Papa Kabera, kapita, mkuu wa kilima, alikuwa amesema atakuja Alhamisi kujionea, na akikuta ni kweli, bwawa litapewa mtu mwingine.

Lakini Dorothée alimjua mwuaji. Marcellin alikuwa na karatasi moja ya zamani inayosema bwawa litiwe chokaa. Chokaa haikupatikana tena, basi akaamuru majivu. Mwanzoni kikapu kimoja. Kweli, maji yakawa kijani, samaki wakanenepa, na Marcellin akazunguka kilima kizima kifua mbele. Hapo ndipo akili ilipomruka. Vikapu vitano kila Ijumaa, kila nyumba ilete, amri ya Leta, ya serikali! Dorothée alimwambia yatosha. Alimwambia mara tatu. Akajibiwa kwamba mama asiyejua Kifaransa hawezi kumfundisha monitere kazi yake.

Wiki ya sita maji yakaanza kuteleza vidoleni, sawa na yale maji ya majivu ambayo mama wa Masisi huchuja ili maharage yaive upesi. Kisha samaki wakaanza kupanda juu kuhema, na asubuhi iliyofuata wengine walikuwa wanaelea matumbo juu. Na huyo huyo ndiye aliyepanda juu ya jiwe kumwita yeye mwuaji!

Alhamisi Kabera akafika, Marcellin nyuma yake na karatasi yake kwapani. Dorothée hakubishana. Aliwawekea bugali na sahani mbili za maharage.

"Karibuni, Papa Kapita. Mumetembea mbali. Mukule kwanza, kisha tutaongea."

Marcellin alimega tonge, akachovya, akatafuna. Uso ukamkunjamana.

"Aa, Mama Dorothée! Hii maharage uliipika namna gani? Maji ya majivu uliweka mingi sana. Inachoma ulimi, iko sawa na sabuni!"

"Uko na hakika, Papa Marcellin?"

"Nimekula maharage ya majivu tangu niko mutoto, nani atanidanganya? Ni mingi, mingi sana!"

Kabera naye akatema pembeni. "Ni kweli, Mama. Ulizidisha."

Dorothée akasimama. Alishika mwiko kwa hasira aliyoibeba tangu Jumapili.

"Mimi sikuweka hata tone moja. Hata chumvi sikuweka. Maji nilichota kule." Akaelekeza mwiko bwawani. "Kama munaona ninadanganya, njia njo ile, mushuke."

Kabera alishuka mwenyewe, wengine nyuma yake. Alitumbukiza mkono, akasugua vidole, akasugua tena, halafu akaufuta kwenye koti lake. Marcellin akanyakua jembe lililokuwa ukingoni, akaruka kuelekea kwenye mfereji unaoleta maji ya kijito bwawani.

"Basi tufungue yote sasa! Maji mupya iingie!"

"Usiguse!" Dorothée alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Unataka kunimalizia hata wenye walibaki? Walishazoea ile maji mubaya. Ukiwaletea mupya yote mara moja, watakufa. Tutafungua kidogo tu, upana wa mukono, kila siku, mpaka maji iache kuteleza. Na majivu yako, hata kijiko, sitaki tena kuiona hapa!"

Marcellin alimtazama kapita. Kabera alikuwa anatazama maji.

"Bwawa iko ya Mama Dorothée," akasema. "Na weye, Jumapili utapanda tena juu ya lile jiwe, useme nani aliua samaki. Kwa sauti ile ile."

Marcellin akapanda kurudi nyumbani, akaokota karatasi yake, akachukua kofia, akageuka kwenda zake. Dorothée alimkuta mlangoni, sahani mkononi, maharage bado tele.

"Unaenda wapi? Keti, Papa Marcellin. Umalize. Samaki yangu ilikunywa hii maji yote."